Dola 40 za kuthaminiwa revolva, na skrubu moja ikamshinda

Hili duka silitaji jina, liko upande wa kaskazini wa Houston, wanaolijua watalijua. Wameandika kabisa dirishani kwamba wanathamini silaha za zamani kwa dola 40, na mimi nikalipa hizo dola 40 kabla hata sijaitoa kwenye begi, sasa naomba mnisikilize nilichopata.

Silaha yenyewe ni Smith & Wesson Model 10, ya zamani, ya miaka ya sitini hivi. Nimeinunua kwa mzee mmoja aliyekua mlinzi. Sio kitu adimu, najua, hizi zimetengenezwa zaidi ya milioni 6 na mapolisi wa Marekani walizitupa kwa makundi walipohamia bastola za magazini, kwa hiyo sikwenda pale nikitegemea utajiri. Ila imefanyiwa ukarabati na kupigwa bluu upya (ile rangi ya weusi-samawati inayowekwa kwenye chuma cha silaha kuzuia kutu), na swali langu lilikua hilo tu: nikitaka kuuza, hii bluu mpya inanipandishia bei au inanishushia, na kwa kiasi gani?

Jamaa akaishika, akaigeuza mara moja chini ya taa, akasema "imepakwa upya, 180." Basi. Hata kiti sijakalia vizuri.

Nikamwambia kaka, subiri kwanza, nani kaipaka? Maana hapo ndipo bei yote ilipo jamani. Kuna kupakwa na fundi wa gereji mwenye mashine ya kupolishi, anakula chuma mpaka kona zinakua duara, maandishi ya mtutuni yanafifia, matundu ya skrubu yanabonyea, halafu anapiga bluu mpaka nyundo na triga, vitu ambavyo kiwandani vinatoka na yale mawingu-mawingu ya rangi. Na kuna ile ilorudishwa kiwandani kwao wenyewe wakaifanya. Yangu kona ni kali, maandishi unasoma bila miwani, nyundo na triga mawingu yake yapo. Mtu wa kazi hiyo anaona hayo kabla ya salamu.

Na ushahidi upo! Smith & Wesson ikirudi kwao walikua wanagonga kanyota karibu na namba ya silaha pale chini ya kitako, na tarehe ya kazi kwenye fremu ubavuni, ndani ya kishikio. Yangu imevaa kishikio kikubwa cha raba kinachofunika kila kitu, kwa hiyo lazima ukifungue. Skrubu MOJA. Nikamwomba kwa adabu kabisa afungue. Akasema yeye hafungui silaha za wateja. Nikamwambia basi nipe bisibisi nifungue mwenyewe hapa mbele yako, akaniangalia kama nimemwomba funguo za sefu, akasema "180, unachukua au unaacha." Yaani nimekulipa unithaminie wewe umeshahamia kwenye kuinunua! Hapo ndipo nilipoelewa biashara yao, anayekupa bei ndiye huyohuyo anayetaka kuichukua, na kwenye kabati lake nyuma zipo Model 10 zenye hali mbaya kuliko yangu zimebandikwa 450.

Halafu akaniuliza mbele ya watu hii kweli ni yako? Aisee. Makaratasi ninayo, fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, nimejaza kwa dila mwingine tulikopitishia mauzo na yule mzee wakati nanunua, kila kitu kiko sawa, na yule bwana mwenye kofia aliyekua kabla yangu hakuulizwa chochote. Nisiseme sana hapo.

Nilikua nimeshaamua nyota sifuri. Lakini ngoja niwe mkweli kidogo. Baadaye nikaipeleka kwenye maonyesho ya silaha, kuna mzee pale meza yake imejaa revolva tupu, sikumwambia hata neno, akatoa bisibisi mfukoni mwake kishikio kikatoka, kanyota hako hapo, tarehe hiyo hapo. Nikajiona nimeshinda. Akacheka, akaniambia bluu ya kiwandani marudio ni bora kuliko ya mtaani, ila kwa wakusanyaji wa silaha za zamani bado sio bluu ya kwanza, bei ya "asili" sahau, na pesa aliyolipa mwenye nayo kuipaka hairudi kamwe. Akavuta nyundo taratibu akasikiliza silinda inavyojifunga, akaitikisa mbele nyuma kuona kama imelegea. Akasema 350, labda 400 nikipata vishikio vya mbao vya enzi zake, na nisihangaike na barua ya historia ya kiwandani kwa modeli ya kawaida kama hii, hela itaishia kwenye barua. Akaniambia pia niangalie bei zilizofungwa mnadani mtandaoni, zile watu waliolipa kweli, sio zile za wanaoota.

Sasa piga hesabu. Duka likinunua linalipa karibu nusu ya bei ya kuuzia, ndio wanavyofanya wengi, kwa hiyo 180 ya yule mkorofi kwa 350... haiko mbali. Inaniuma kuandika hivyo. Inawezekana namba yake ilikua sawa kabisa na bado sitamsamehe, maana hakuijua, aliibahatisha, ni sawa na fundi anayekupa bei ya gari hajafungua boneti.

Nyota mbili basi. Hapana, moja, kwa lile swali la kama ni yangu.

Nikarudi kudai dola 40 zangu, dada wa kaunta (yeye mstaarabu, sina neno naye) akasema pesa taslimu hawarudishi, wanatoa krediti ya dukani, yaani uchukue bidhaa za hela hiyohiyo. Nimechukua mafuta ya kusafishia na brashi, na seti ya bisibisi ndogo. Wanaziuza wenyewe, ziko kaunta palepale alipokua amesimama.