Ghorofa ya Tano ya Musée d'Orsay: Tathmini ya Mahali Penye Kuonyesha Nuru

Anayetaka kuelewa kwa nini wachoraji kadhaa wa Ufaransa walidhihakiwa na wahakiki wa miaka ya 1870, na kwa nini leo watu hupanga foleni ili kuyaona yaleyale yaliyodhihakiwa, hana pa kuanzia palipo bora kuliko ghorofa ya tano ya jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, jijini Paris, kando ya mto Seine. Mkusanyo wa michoro ya Waimpreshonisti, kama wachoraji hao wanavyoitwa, uliopo pale hauna mshindani. Tathmini hii, hata hivyo, haikusudii kuusifu mkusanyo peke yake, kwa sababu michoro hiyo ilisifiwa zamani na waliotutangulia. Ninachotaka kukipima ni jinsi jumba linavyoihudumia, na kipimo changu ni kimoja: kwa kuwa jambo kuu la wachoraji hawa lilikuwa nuru, chumba kinachoining'iniza kazi yao kinapaswa kuhukumiwa kwanza kwa nuru yake.

Jengo lenyewe lilikuwa stesheni ya reli, kazi ya msanifu Victor Laloux, lililofunguliwa mwaka 1900 wakati wa Maonyesho ya Dunia na kugeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Ukumbi wake mkubwa wa chini, wenye paa la kioo lililopinda, ni mzuri kiasi cha kumchelewesha mgeni, nami nashauri asichelewe hapo. Michoro ya Waimpreshonisti iko juu kabisa, chini ya paa, ambako mwanga wa mchana huingia kutoka juu na kuchanganyika na ule wa taa. Hadi kufikia ukarabati uliokamilika mwaka 2011 chini ya msanifu Jean-Michel Wilmotte, kuta za huko zilikuwa nyeupe. Sasa ni za kijivu kizito kinachokaribia rangi ya makaa. Wako wanaoliona badiliko hilo kuwa la huzuni. Mimi naliona kuwa uamuzi bora kuliko yote waliyoyafanya, na sababu yake ni rahisi kuieleza: jicho halipimi mwangaza kwa kiwango kisichobadilika, bali hupima kwa kulinganisha. Weupe uliochorwa ukiwekwa juu ya ukuta mweupe unaomulikwa na taa, ukuta ndio unaoshinda, na theluji ya mchoraji huonekana kama karatasi iliyochakaa. Weupe uleule ukiwekwa juu ya ukuta wa kijivu kizito, hauna tena wa kushindana naye, na picha huanza kung'aa kana kwamba imewashwa kwa ndani.

Ushahidi wa jambo hilo ni La Pie, aliyoichora Claude Monet katika majira ya baridi ya 1868 hadi 1869, ambayo Salon, yaani maonyesho rasmi ya Paris, iliikataa mwaka 1869. Inaonyesha shamba lililofunikwa theluji, ua wa fito, lango dogo, na juu ya lango hilo ndege mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, wa jamii ya kunguru. Hakuna tukio lolote. Ila mtazamaji akitulia, ataona kwamba theluji hiyo ina weupe halisi kwa uchache mno. Panapopigwa na jua pana rangi ya maziwa yenye dalili ya manjano na waridi, na kivuli cha ua, kinachomwagika kuelekea kwetu, ni cha samawati inayoingia katika urujuani. Vitabu vya uchoraji vya wakati ule vilizoea vivuli vya kahawia na vya kijivu, na mtu aliyelelewa humo aliiona samawati hii kama utundu. Lakini Monet alikuwa akisema kweli ya macho: mahali ambapo miale ya jua imezuiwa bado panaangazwa na anga, na anga ni la samawati. Yule ndege ndiye sehemu ndogo yenye giza kali, naye ndiye anayetupatia kipimo cha kujua uangavu wa mengine yote. Ukimfunika kwa kidole, ukiwa umesimama mbali, picha nzima hufifia.

Baada ya hapo mtu amtafute Camille Pissarro na Gelée blanche ya mwaka 1873, shamba lenye umande ulioganda. Mistari mipana ya vivuli imekatiza matuta kwa mshazari, na miti inayovitupa vivuli hivyo haimo ndani ya picha. Imesimama nje ya fremu, mahali tulipo sisi. Picha hii ilionyeshwa mwaka 1874 katika maonyesho ya kwanza ya kundi hili, na mhakiki Louis Leroy wa gazeti la Le Charivari alidhihaki kwamba ni makwangulio ya kibao cha rangi yaliyobandikwa juu ya turubai chafu. Ni dhihaka ya mtu aliyesimama karibu mno.

Suala la umbali ndilo linalonifanya nilipunguzie jumba hili alama. Chukua Coquelicots ya Monet, ya mwaka 1873, ambayo ina upana wa sentimita 65 tu. Maua mekundu ya mipopi yaliyo mbele ni mabaka makubwa kupita kiasi, yasiyo na petali wala shina, na kwa karibu hayaelezi chochote. Hatua tatu nyuma yanageuka kuwa mteremko wa maua unaotikisika, kwa sababu nyekundu na kijani ni rangi zinazokabiliana, na kila moja huifanya nyenzake ionekane kali zaidi. Kanuni hiyo ilikwisha kuelezwa mwaka 1839 na mkemia Michel-Eugène Chevreul, msimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi katika karakana za mazulia za Gobelins, baada ya kupokea malalamiko kwamba nyeusi ya karakana ilikuwa hafifu. Aligundua kuwa kasoro haikuwa katika dawa ya kutia rangi, bali katika nyuzi za rangi nyingine zilizopakana na ile nyeusi. Sasa hatua tatu nyuma, saa nane mchana, ni anasa. Vyumba hujaa, watu hunyosha simu mbele ya michoro maarufu, na anayerudi nyuma hukuta mgongo wa mwenzake. Jumba huwa wazi hadi saa nne kasorobo usiku kila Alhamisi, na wengi hupendekeza jioni hiyo kwa utulivu wake. Ushauri huo ni mzuri majira ya joto. Majira ya baridi, giza huwa limeshaingia, na michoro hubaki na taa peke yake. Kwa hiyo mimi napendekeza asubuhi, mara milango inapofunguliwa saa tatu na nusu, na kupanda moja kwa moja hadi juu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Kwa Auguste Renoir, umati mkubwa huwa mbele ya Bal du moulin de la Galette ya mwaka 1876, ile dansi ya Jumapili chini ya miti ambapo jua linapenya majani na kuangukia kofia, mabega na ardhi kwa madoa ya waridi na samawati. Inastahili umati huo. Hata hivyo, somo lililo wazi zaidi liko katika picha yake ndogo ya wakati huohuo, Étude. Torse, effet de soleil, ya mwanamke aliye kifua wazi katikati ya majani. Mhakiki Albert Wolff wa gazeti la Le Figaro aliandika mwaka 1876 kwamba mwili huo una madoa ya kijani na zambarau kama ya maiti inayooza. Madoa aliyaona sawasawa. Alichokosa ni kukubali kwamba ngozi iliyo kivulini mwa mti hupokea kijani cha majani. Karibu na hapo kuna dirisha la saa kubwa ya stesheni, na kupitia kioo chake mtu huona ng'ambo ya Seine hadi kilima cha Montmartre, ambako dansi ile ilichezwa.

Husemwa mara nyingi kwamba Waimpreshonisti waliifukuza rangi nyeusi. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Monet, alipoziorodhesha rangi zake katika barua ya mwaka 1905, alitaja nyeupe ya risasi, manjano ya kadimi, vermilioni, nyekundu ya mizizi, samawati ya kobalti na kijani, na nyeusi haimo. Giza lake alilitengeneza kwa kuchanganya rangi zenye nguvu, ndiyo maana moshi na paa katika La Gare Saint-Lazare ya mwaka 1877 vina uhai ambao masizi ya kawaida hayana. Lakini Edgar Degas na Renoir waliitumia nyeusi bila aibu, na Gustave Caillebotte, katika Raboteurs de parquet ya mwaka 1875, alijenga nuru yote kwa kahawia na kijivu: mafundi watatu wanaparuza sakafu, dirisha liko nyuma yao, na mwanga unateleza juu ya mbao ambazo bado hazijaparuzwa. Sehemu kubwa ya tunayoyaona hapa, dansi ya Renoir ikiwemo, iliachwa kwa serikali na Caillebotte huyu alipofariki mwaka 1894, na serikali ilikubali sehemu tu ya urithi huo.

Kati ya michoro ya Monet ya kanisa kuu la Rouen, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, inayozidi 30, mitano iko hapa. Ukuta uleule wa mawe unaonekana wa kijivu kunapokuwa na mawingu, wa samawati asubuhi, na wa rangi ya asali chini ya jua kali, na vivuli vya milango vikibadilika kutoka zambarau hadi chungwa. Monet alifanya kazi kwenye turubai kadhaa kwa zamu, akihama kutoka moja hadi nyingine nuru ilipogeuka, kisha akazimalizia katika karakana yake ya Giverny, kijiji alikoishi. Wanaodhani kila kitu kilikamilishwa papo hapo mbele ya kanisa wanakosea. Sisi tuliozoea jua la ikweta, linalopanda haraka na kuzama haraka, hatuna budi kukumbuka kwamba nuru hii ni ya kaskazini, ambako jioni ya kiangazi hujivuta kwa saa nyingi, na mtu hupata muda wa kuona rangi moja ikiiachia nyingine nafasi.

Fremu nzito za dhahabu ni kasoro ambayo ukuta wa kijivu umeizidisha. Baadhi ya wachoraji hawa, Pissarro hasa, walipendelea fremu nyeupe ili rangi zisiingiliwe, na dhahabu iliyomulikwa huipaka manjano hata picha isiyo na manjano. Madawati ya kioo yaliyobuniwa na Tokujin Yoshioka ni mazuri kutazama, ingawa mwenye umri mkubwa atatamani mgongo wa kuegemea.

Mwenye siku ya pili avuke mto hadi Musée de l'Orangerie, kwenye bustani ya Tuileries, ambako michoro minane mikubwa ya mayungiyungi ya Monet imezunguka kumbi mbili za umbo la yai tangu mwaka 1927. Kumbi hizo zilikusudiwa mwanga wa mchana upitao darini, ukazuiwa miaka ya 1960 kwa ghorofa iliyojengwa juu yake, na ukarudishwa mwaka 2006. Wingu likipita nje, maji yaliyochorwa hubadilika nalo. Orsay hufungwa Jumatatu na Orangerie Jumanne, basi anayetaka zote mbili kwa siku zinazofuatana apange kuanzia Jumatano. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, na kwa sababu hiyohiyo si siku ya mtu anayehitaji zile hatua tatu za kurudi nyuma.