Fiziotherapia ya Schroth kwa mtu mzima mwenye skoliosisi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu yangu, maana najua wengi mnaosoma mna maumivu na hamna muda wa kuzungushwa. Fiziotherapia ya Schroth, yaani mazoezi maalumu ya mkao na pumzi kwa mgongo uliopinda, imenipunguzia maumivu sana. Haijaunyoosha mgongo wangu, na haitaunyoosha. Lakini imenisaidia kuamua kuhusu upasuaji wa mgongo kuliko huduma nyingine yoyote niliyowahi kulipia.

Skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda upande, ninayo tangu nilipobalehe. Uti wa mgongo wangu umepinda kulia sehemu ya kifua, tena umejisokota, ndiyo maana mbavu za kulia zimetokeza mgongoni na bega moja liko juu ya jingine. Eksirei ya karibuni inaonyesha digrii 44. Skoliosisi huhesabiwa kuanzia digrii 10, kwa kipimo kinachoitwa pembe ya Cobb, na kwa wengi wetu chanzo chake hakijulikani. Hailetwi na begi zito la shule wala kukaa vibaya. Nawaambia hasa wazazi, kwa sababu nimeona wanavyojilaumu bure.

Digrii 44 ni mahali pagumu pa kukaa. Mpindo wa kifua uliozidi 50 huelekea kuendelea kuongezeka hata mtu akishamaliza kukua, pengine digrii moja hivi kwa mwaka. Ulio chini ya 30 kwa kawaida hutulia. Mimi nipo katikati, hapo ambapo daktari bingwa hakusukumi wala hakuzuii. Wangu alinieleza upasuaji ulivyo: skrubu kwenye pingili, fito mbili za chuma, vipande vya mfupa vya kuziunganisha pingili hizo ziwe mfupa mmoja. Kisha akasema nikafikirie. Ukiwa na maumivu usiku kucha, kufikiria kwenyewe ni kazi nzito.

Hapo ndipo nilipoanza Schroth. Kabla yake nilikuwa nimepitia kituo kingine ambako kila mwenye mgongo alipewa karatasi ileile ya mazoezi, awe kijana au mzee, awe amepinda kulia au kushoto. Tofauti niliiona siku ya kwanza. Mtaalamu aliziangalia picha zangu zote za eksirei, akaniinamisha mbele na kupima msokoto wa mbavu, akanitazama ninavyopumua, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: upasuaji unautaka kwa sababu ya mpindo au kwa sababu ya maumivu?

Swali hilo ndilo lililonifungua. Kazi kubwa ya upasuaji wa aina hii ni kuuzuia mpindo usiendelee na kuurudisha kiasi. Maumivu yanaweza kupungua, na kuna watu yamewapungua kweli, lakini hakuna daktari mkweli atakayekuhakikishia hilo. Maumivu yangu mimi hayakuwa hata pale mpindo ulipo. Yalikuwa chini, kiunoni upande wa kushoto, na pembeni ya bega la kulia. Ni misuli inayofanya kazi usiku na mchana kuubeba mwili uliolemea upande mmoja. Misuli inaweza kufundishwa.

Mazoezi yenyewe si ya kutoa jasho, lakini yanachosha kuliko nilivyotarajia. Unaanza kwa kujirefusha, kana kwamba utosi unavutwa juu. Mito midogo ya kuegemea inawekwa chini ya sehemu zilizotokeza ili mwili uzirudishe. Kisha unapeleka pumzi kwa makusudi upande uliobonyea, kama unavyojaza upepo mpira uliobonyea mpaka uumuke. Ukitoa pumzi, unakaza misuli ili mkao ule ushike. Kwangu upande uliobonyea ni wa kushoto nyuma, na kwa muda mrefu sikuhisi chochote pale. Siku nilipohisi mbavu zile zikifunguka, nililia mbele ya mtaalamu, naye akaniacha nilie.

Kioo ndicho kilikuwa kigumu zaidi. Njia hii inataka uutazame mgongo wako, ukiwa wazi, kila mara. Wengi wetu tumeishi tukiuficha chini ya nguo pana na mitandio, tukikwepa picha za kupigwa nyuma. Niliwaza kuacha kwa sababu hiyo tu. Sasa naufahamu mgongo wangu, najua ni lini umelala upande na jinsi ya kuuinua, na ufahamu huo nautumia jikoni, kwenye kiti na hata foleni. Katharina Schroth, Mjerumani aliyeanza kutibu wagonjwa kwa njia hii mwaka 1921, alikuwa na skoliosisi yeye mwenyewe. Ukifanya mazoezi haya unaona kabisa kwamba aliyeyabuni aliijua hali hii mwilini mwake.

Upungufu upo. Ukiacha kuyafanya nyumbani, nafuu inaondoka taratibu. Na wataalamu waliosomea njia hii hasa ni wachache.

Nilirudi kwa daktari bingwa na maswali yaliyonyooka. Picha ya zamani ilisema 41, hii ya sasa 44: je, mpindo umeongezeka? Akaniambia upimaji wenyewe unaweza kupishana kwa takriban digrii 5, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake si ushahidi. Nikauliza nitapoteza nini nikiunganishwa pingili. Akajibu bila kuficha: sehemu iliyounganishwa haikunji tena, pingili za juu na chini yake hubeba mzigo zaidi, na kuna hatari ya maambukizi, ya mifupa kutoungana na, kwa wachache, ya kuumia neva. Kupona huchukua miezi, na mifupa kushikana vizuri huweza kufika mwaka.

Nimeamua kutofanyiwa kwa sasa. Nitaendelea kupigwa picha kwa mpangilio wa daktari. Mpindo ukivuka 50, au ukiongezeka waziwazi, au miguu ikianza kufa ganzi na kukosa nguvu, nitafanyiwa bila kusita. Ninaye rafiki aliyeunganishwa pingili, anatembea wima na hajutii. Kwa mpindo wake ulivyokuwa, nami ningechagua hivyo.

Kama mgonjwa ni mtoto anayekua, tafadhali msichukue uamuzi wangu mkaufanya wake. Kwao mkanda mgumu wa mgongo una kazi kubwa. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa mkanda walimaliza kukua bila mpindo kufika digrii 50, wakati kwa wasiovaa ilikuwa asilimia 48, na waliouvaa saa nyingi zaidi kwa siku walifanikiwa zaidi. Mazoezi yaende pamoja na mkanda, yasichukue nafasi yake.

Na yeyote anayepoteza ghafla uwezo wa kuzuia haja, au ambaye miguu yake inalegea, aende hospitali siku hiyohiyo, si kwa mtaalamu wa mazoezi.

Ukitaka kujaribu Schroth, kabla ya kulipa muulize mtaalamu amesomea wapi njia hiyo, na kama ataziangalia eksirei zako kabla ya kukupangia zoezi la kwanza. Akisema hazihitaji, tafuta mwingine.