FreeREG: nimempata baba yake bibi bila kulipa hata senti

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Muheza, baba yake akiwa Mzungu wa shamba la mkonge aliyetoka Norfolk, Uingereza. Tulichobaki nacho ni cheti chake cha ubatizo, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, chenye jina la ukoo na la kijiji.

Mwanzo nililipia tovuti moja kwa dola; ikanipa koo za watu wengine, pesa ikaenda. Ndipo nikakutana na FreeREG, tovuti ya kumbukumbu za makanisa ya Uingereza. Hii ni bure kabisa. Watu wa kujitolea wamesoma vitabu vya parokia za kule, ubatizo, ndoa na maziko, wakanakili mstari kwa mstari. Unaandika jina la ukoo, unachagua kaunti na miaka, basi. Ruhusu na majina yanayofanana kimatamshi, maana makarani waliandika walivyosikia.

Nikiwa nyumbani Ngamiani, saa nne usiku, bando linakaribia kuisha, mstari ukatokea: jina la yule Mzungu, la baba yake, la mama yake, na kazi ya baba huyo: kibarua wa shamba. Tangu 1813 vitabu vyao vya ubatizo vina safu ya kazi. Nililia. Kumbe naye alitoka kwenye jembe, kama jamaa zetu Wabondei.

Ujue tu utapata maandishi yaliyonakiliwa, si picha ya kitabu, na tarehe ni ya ubatizo, si lazima iwe ya kuzaliwa. Vyeti vya serikali, vilivyoanza Julai 1837, vinalipiwa.

Nyota tano. Mama keshaniomba nimchapishie ule mstari auweke ndani ya Biblia, pamoja na kile cheti.