Eksirei ya mataya yote, Wandegeya: fundi safi, lakini sidii ya nini?

Nimetoka Bombo kwenda kupigwa ile eksirei inayochukua mataya yote mawili kwa picha moja, wenyewe wanaiita OPG. Kliniki iko Wandegeya, Kampala, ghorofani juu ya maduka. Jina silitaji kwa sababu lalamiko ninalo.

Kilichonipeleka ni gego la mwisho la chini, limeota limelala na linasukuma jirani yake. Daktari alikataa kuling'oa kabla ya kuona mizizi iko karibu kiasi gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa wa taya. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi.

Sifa zangu zote ni za binti wa eksirei. Aliniuliza kama nina mimba, akafunga mlango, ndipo akasema nitoe pini za hijabu, mkufu, hereni na kipini. Kwa kipini nilinuna, hakijatoka puani tangu harusi. Akanieleza kwamba hereni ikibaki, kivuli chake hujitokeza tena upande wa pili wa picha, juu kidogo, kimefifia, na kinaweza kuficha kile daktari anachokitafuta.

Unasimama, unashika vishikio, unang'ata kijiti cha plastiki chenye mfuo ili meno ya mbele ya juu na ya chini yakae mstari mmoja. Mashine inaona vizuri ukanda mwembamba tu wenye umbo la taya. Ukisogea mbele au nyuma, meno yanatoka na ukungu. Shingo iwe wima, maana ukijikunja pingili zake zinaacha weupe katikati ya picha. Ulimi ubandike kaakaani, la sivyo hewa inachora utepe mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu. Binti alinirekebisha, akarudi, akanirekebisha tena, mpaka nikachoka. Mashine yenyewe ilizunguka kichwa kwa sekunde kumi na kitu tu. Mionzi yake ni kidogo, kama ile tunayoipata kila mtu kutoka ardhini na angani kwa siku chache.

Picha ikatoka safi, hata mimi niliuona mfereji wa mshipa.

Sasa mapokezi. Nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiingereza. Nimelipa shilingi 70,000 za Uganda, napewa picha ndani ya sidii (CD)! Kompyuta ya kuiweka sidii nani anayo siku hizi? Nilikaa palepale mpaka binti yuleyule akanitumia picha kwa WhatsApp.

Kama unashuku tundu dogo katikati ya meno mawili, usikimbilie hii. Filamu ndogo ya kuweka mdomoni inaonyesha vizuri zaidi, na bei yake ni nafuu. Kwa gego lililolala, nendeni, lakini si Jumamosi, foleni inafika kwenye ngazi. Langu linatoka baada ya Idi.