Mtoto wa Mbwa wa Kwanza Mjini Tabora: Vyanzo Vitano, Kuanzia Kinachoaminika Zaidi

Watu wanaohamia nyumba mpya pembezoni mwa mji wa Tabora, hasa huko Ipuli na Malolo ambako uzio hukamilika miezi mingi baada ya nyumba yenyewe, huniuliza mara kwa mara ni wapi wapate mtoto wa mbwa. Wengi huwa wameshaamua aina wanayoitaka, na wengine wamekwisha kuchagua hata jina, lakini hawajajiuliza mbwa huyo atatoka mikononi mwa nani. Mimi huanzia hapo, kwa sababu maradhi mengi yanayowaua watoto wa mbwa katika majuma ya kwanza wanakuwa wameyabeba kutoka walikozaliwa au walikopitia, na mnunuzi huyalipia pamoja na mbwa.

Kwa hiyo nimevipanga vyanzo hivi kwa kigezo kimoja kilicho juu ya vingine vyote: je, muuzaji atakuruhusu umwone mama akiwa na wanawe, mahali pale pale wanapolala?

Chanzo cha kwanza: nyumba unayoifahamu, ambako mama yupo

Jirani, mfanyakazi mwenzako au mtu mnayesali pamoja, ambaye mbwa wake jike amezaa, ndiye muuzaji bora kuliko wote, hata kama mbwa wake ni wa kienyeji na hana karatasi yoyote ya ukoo. Kwanza, mtu huyo ataendelea kukutana nawe, na hilo humfanya aseme kweli. Pili, unaweza kwenda kwake mara mbili, mara ya kwanza watoto wakiwa na majuma matano hivi, na mara ya pili bila kumpa taarifa ndefu, ili uone banda lilivyo siku ambayo hakuna mgeni anayetarajiwa. Mtazame mama kwa makini. Mama anayebweka kulinda wanawe kisha akatulia anapoambiwa na mwenyewe ni dalili njema; mama anayejificha uvunguni kwa hofu, au anayerukia kila mtu bila kusikia sauti ya mwenyewe, huenda akawarithisha wanawe tabia hiyo, na watoto hujifunza pia kwa kumwangalia.

Ukishamchagua mmoja, mwinue kwa mikono miwili na umkague mchana, kwenye mwanga. Tumbo lililovimba na kukaza kama ngoma, huku mgongo umekonda na manyoya hayana mng'aro, ni tumbo la minyoo. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba kisha uachie: sehemu iliyobonyezwa itakuwa nyeupe na inapaswa kurudi kuwa ya waridi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi ambao tangu mwanzo umepauka unaashiria upungufu wa damu, na kwa mji wetu mshukiwa wa kwanza ni kupe, viroboto au minyoo, kwa hiyo pekua ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu. Angalia pia chini ya mkia. Pakiwa na uchafu ulioganda, watoto hao wanaharisha hata kama mwenyewe anasema ni maziwa tu yamewazidi.

Mwulize alianza lini kuwapa dawa ya minyoo. Mfugaji anayejua kazi yake huanza wakiwa na majuma mawili na kurudia kila baada ya majuma mawili, kwa kuwa minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto tumboni na katika maziwa, na baadaye huweza kuwapata watoto wetu wanaochezea mchanga huo huo. Tena usikubali kumchukua kabla hajatimiza majuma manane, hata ukibembelezwa vipi. Majuma hayo ya mwisho pamoja na ndugu zake ndiyo yanayomfundisha kupima nguvu ya meno yake, kwa sababu anapomng'ata mwenzake kupita kiasi, mchezo huisha. Mbwa aliyekosa somo hilo huja kulitafuta kwenye mikono ya watoto wa nyumbani.

Wapo wanaomdharau mbwa wa kienyeji, nami siafiki. Mkoa wetu una misitu mikubwa ya miombo, na kuanzia Sikonge hadi Urambo na Kaliua mbung'o ni jambo la kila siku. Mbwa huugua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kama ng'ombe, macho yake yakiingia ukungu, na mbwa wa kigeni aliyeletwa ukubwani huathirika vibaya zaidi kuliko mwenzake ambaye ukoo wake umeishi hapa miaka yote. Mtu mwenye shamba huko porini ambaye anataka mbwa wa kulinda mahindi dhidi ya ngedere atafanya busara kuanza na wa kienyeji.

Chanzo cha pili: mbwa mkubwa wa mtu anayehama

Walimu, wafanyakazi wa reli na watumishi wengine huhamishwa kila mwaka, na mbwa hubaki. Kwa mtu asiye na muda wa kumlea mtoto anayelia usiku kucha, mbwa wa miaka miwili au mitatu mwenye kadi ya chanjo ni ununuzi mzuri sana, kwa sababu tabia yake inajulikana tayari. Nenda jioni, wakati anapofunguliwa mnyororo, umwone akitembea huru uani. Kisha mwulize jirani, si mwenye mbwa, kama amewahi kumng'ata mtu. Ukimchukua, mzuie ndani ya uzio kwa majuma kadhaa, maana atajaribu kurudi kwao hata kama kwao pameshafungwa kufuli.

Chanzo cha tatu: mfugaji wa mbwa wa kigeni kutoka mji mwingine

Anayetaka German Shepherd au Boerboel mara nyingi hulazimika kuagiza Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Nimeweka chanzo hiki nafasi ya tatu kwa sharti moja, kwamba mnunuzi asafiri mwenyewe hadi bandani. Usipoweza kusafiri, kihesabu kuwa cha nne au cha tano, kwa sababu unachonunua wakati huo ni maneno.

Ukifika, omba kadi ya chanjo na uisome polepole. Chanjo halisi huja katika kichupa chenye karatasi ndogo ya kunata iliyoandikwa namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Daktari huibandua na kuibandika kwenye kadi, kisha huandika tarehe, husaini na kugonga muhuri. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja na kwa siku moja, bila karatasi hiyo, haithibitishi kitu. Chanjo ya pamoja dhidi ya magonjwa mawili ya virusi, parvo (huharisha damu) na distempa (hushambulia mapafu na ubongo), huanza mtoto akiwa na majuma sita hadi manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi afikishe majuma kumi na sita. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mtoto wa majuma manane "amemaliza chanjo zote" ama hajui anachosema au anakudanganya. Uliza pia chanjo ilihifadhiwa wapi, kwani inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na dozi iliyosafiri kwenye mfuko wa koti ni maji tu.

Distempa si ugonjwa wa kuchukulia kwa wepesi. Mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Chanzo cha nne: muuzaji wa kwenye simu

Hapa nitasema machache. Picha ya mtoto mnene aliyekaa juu ya zulia jekundu haikuonyeshi mama, na mara nyingi picha hiyo hiyo imeshauza mbwa katika miji mitatu. Mtake akupigie kwa video wakati huo huo, amwonyeshe mama akinyonyesha, na usitume malipo ya awali. Akisema mama yuko kwa mdogo wake, agana naye kwa heshima.

Chanzo cha tano: stendi, mnadani na kando ya barabara

Nilikwisha kununua hapo mwenyewe. Alikuwa jike mweusi mwenye soksi nyeupe, ndani ya boksi la kandambili, na mtu aliyekuwa naye alisema mama amegongwa na gari. Siku ya tatu alikataa uji wa dagaa. Siku ya nne alitapika na kuharisha damu yenye harufu ambayo sijaisahau. Alfajiri ya siku ya sita alikuwa amekufa. Daktari wa mifugo aliniambia ni parvo, na kwa kuwa ugonjwa huu huchukua siku kadhaa kabla ya kujitokeza, alikuwa nao ndani ya boksi lile. Hasara haikuishia hapo. Kirusi cha parvo hustahimili udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haikiui. Nililazimika kuosha sakafu ya banda kwa dawa ya klorini, na sikuleta mbwa mwingine hadi nilipompata aliyekamilisha chanjo.

Kuna jambo jingine linalonifanya nikiweke chanzo hiki mwisho, nalo ni kichaa cha mbwa. Mbwa ndio chanzo cha asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huishia kifo. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa kabla hujamnunua anaweza kuonekana mzima kwa miezi miwili au mitatu, na muuzaji wa boksi hawezi kukuambia kama mama aliuawa na gari kweli au na ugonjwa. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Mtu yeyote nyumbani aking'atwa, hata kama ni kwa mchezo na jeraha ni dogo, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama mbwa atabadilika.

Kwa chanzo chochote utakachokichagua, andikiana na muuzaji kwenye karatasi moja: tarehe ya kuzaliwa, tarehe za dawa ya minyoo, chanjo zilizotolewa, namba yake ya simu, na makubaliano kwamba daktari akimkuta mtoto na ugonjwa ndani ya siku kumi, atarudishwa na fedha zirejeshwe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya siku tatu za kwanza, ukiwa na karatasi hiyo mkononi.