Uzoefu Wangu: Kufunga Rimu za Aloi kwenye Datsun 240Z ya Mwaka 1972

Gari langu ni Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Nililinunua likiwa na rimu zake za chuma za inchi 14, nyembamba mno, na kwa muda mrefu nilitamani kulivisha rimu za aloi ya alumini. Hatimaye nilipata seti ya zamani hapa Nairobi, ya inchi 15 kwa upana wa inchi 7, ofseti sifuri (uso unaobana gari uko katikati kabisa ya upana wa rimu), yenye matundu manne kwenye duara la milimita 114.3 kama habu za gari hili, yaani vitovu vinavyobeba magurudumu, zinavyotaka. Kwa kuwa vipimo vililingana, niliamini kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Gereji ya kwanza ilizifunga kwa nusu saa. Nilipofika kilomita 80 kwa saa usukani ulianza kutetemeka, na ingawa walibalansi magurudumu mara mbili, hali haikubadilika. Ndipo nilipolipeleka gari kwa fundi mmoja wa Industrial Area, na huduma yake ndiyo ninayoieleza hapa.

Fundi huyo hakuigusa kabisa mashine ya balansi. Alifungua nati moja, akapitisha kidole ndani ya tundu la rimu, kisha akanionyesha chenga za alumini zilizong'aa kwenye grisi.

"Mzee, hii nati inaila rimu yako," aliniambia.

Nati asili za Datsun zina mdomo wa koni, unaokaa kwenye tundu la koni la rimu ya chuma. Rimu zangu zina matundu yaliyonyooka, yanayohitaji nati yenye shingo inayoingia ndani ya tundu, pamoja na washa bapa, yaani pete bapa ya chuma. Koni ikibanwa kwenye tundu lililonyooka hugusa ukingo tu, kwa hiyo rimu haikai katikati, na kadiri alumini inavyolika ndivyo nati inavyolegea hata kama ilikazwa vizuri siku ya kwanza. Nilikuwa nimeteremka hadi Naivasha na kurudi katika hali hiyo, mke wangu akiwa kando yangu, na kila nikikumbuka moyo hunishtuka.

Alikagua rimu zote nne, akaikataa moja ambayo tundu lake lilikuwa limeshakuwa yai. Nilimsihi aifunge kwa muda tu, akakataa katakata, na nikalazimika kusubiri wiki tano hadi nilipopata nyingine. Namshukuru kwa msimamo huo kuliko kwa jambo lolote jingine alilonifanyia.

Kazi yenyewe aliifanya bila haraka. Alipima shingo ya kila nati dhidi ya unene wa rimu, kwa sababu shingo iliyo ndefu kupita kiasi hugota kwenye habu kabla nati haijaibana rimu, na fundi asiyejua hudhani imekaza. Alisugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, kisha akazungusha kila nati kwa mkono huku akihesabu kwa sauti: stadi za gari hili, yaani boliti zinazotokeza kwenye habu, zina kipenyo cha milimita 12 na hatua ya uzi (umbali ambao nati husogea kwa mzunguko mmoja) ya milimita 1.25, hivyo alitaka mizunguko isiyopungua kumi ili nati ishike uzi kwa urefu usiopungua kipenyo hicho. Alikaza kwa mtindo wa msalaba, akimalizia kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwenye nyutoni-mita 80, na akanitaka nirudi baada ya kilomita 100 ili azikague tena. Kabla ya kuniruhusu kuondoka alikata usukani hadi mwisho pande zote mbili, akatazama kwa tochi nafasi iliyobaki kati ya tairi na kikalio cha springi, yaani sahani inayobeba springi.

Sasa gari limetulia hata kwenye kilomita 110. Tairi za 195/60 (upana wa milimita 195, na ubavu wenye kimo cha asilimia 60 ya upana huo) ni fupi kidogo kuliko zile za awali, kwa hiyo spidomita husoma zaidi ya mwendo halisi kwa takriban asilimia 3, jambo ambalo angepaswa kunieleza mapema. Bei yake pia iko juu, ingawa ningelipa tena.

Tairi la akiba bado liko kwenye rimu ya chuma, na nati za shingo haziwezi kuifunga. Kwa hiyo alinirudishia nati nne za koni ndani ya mkebe, na nimeufunga kwa kamba kando ya jeki.