Pakiti Tatu Zilizolegea Bujuku

Shilingi 660,000. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayonichoma moyo mpaka leo. Pakiti 12 za chakula kikavu, kile kinachogandishwa kisha kikakaushwa, kila moja 55,000. Nilizinunua Kampala kwa faida ya duka langu la Bwera.

Wala sikuzinunua kwa ajili ya mlima. Sisi tunaokaa Kasese, karibu na mto Nyamwamba, mwaka 2013 tuliona mambo, na 2020 tukayaona tena. Maji yanashuka na mawe, yanabeba jiko, yanabeba gunia la maharage, asubuhi umebaki na watoto na nguo ulizovaa. Tangu hapo mke wangu hajaacha kuniambia tuweke chakula cha dharura mahali pa juu. Niliposikia kuna chakula kinachokaa miaka na miaka bila friji, nikaona ndicho hicho. Lakini sinunui kitu cha watoto bila kukijaribu. Shemeji yangu alikuwa na hamu ya kupanda Rwenzori siku nyingi, basi tukakubaliana: nne zibaki nyumbani, nane tupande nazo tuzile, tukirudi nijue kama nijaze kabati.

Tulilala kambi ya Nyabitaba, tukalala kambi ya John Matte, siku ya tatu tukavuka tope la Bigo. Tope lile anayelijua analijua. Tulifika kambi ya Bujuku, karibu mita 4,000, tumelowa mpaka ndani, mvua haijakatika tangu asubuhi. Nikamwaga pakiti zangu juu ya kitanda cha mbao nichague chakula cha jioni.

Tano zilikuwa zimevimba kama mpira. Hiyo ni kawaida. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti inatanuka. Tatu zilikuwa zimelala bapa. Mzee aliyekuwa akituongoza, Mkonzo, mtu wa kabila la huku mlimani, aliyeanza kupanda mlima huu akiwa kijana, alizibonyeza kwa kidole moja baada ya nyingine, akaniambia, "Mwanangu, hizi zimeshapumua."

Nikafungua ya kwanza. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mafuta ya kukaangia mandazi yaliyokaa wiki nzima. Vipande vya kuku, ambavyo vingetakiwa kuvunjika kwa mlio kama kripsi, vilikunjika kati ya vidole vyangu kama ngozi. Humo ndani kuna kipakiti kidogo chenye unga wa chuma, kazi yake ni kufyonza oksijeni ili mafuta ya chakula yasiharibike. Kilikuwa kigumu kama kipande cha tofali, maana yake kilishafyonza mpaka kikachoka. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na madoa ya kijivu, sikuhitaji hata kunusa.

Kwa hiyo tuko Bujuku, kesho yake tunakwenda kambi ya Elena, na katika pakiti nane tatu ni za kutupa. Usiku ule tulikula posho, yaani ugali, na maharage ya wapagazi. Watu waliobeba mizigo yetu mgongoni kutwa nzima ndio waliotupakulia, tena wakatutangulizia sisi. Hakuna aliyesema neno. Mimi chakula kilishuka kwa shida, na si kwa sababu ya ladha.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Kesho yake jioni, Elena, mita 4,541, baridi inauma meno, tulifungua mojawapo ya zile zilizovimba: wali na mchuzi wa kuku. Karatasi inasema mimina maji yanayochemka, subiri dakika kumi. Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu, hayafiki 100, kwa hiyo dakika kumi ukifungua unakuta kokoto. Mzee aliifunga pakiti, akaiviringisha ndani ya blanketi, akaikalia pembeni kama kuku wa mayai, tukangoja dakika ishirini na zaidi. Ilipofunguliwa mvuke ukapanda, na kuku alikuwa kuku. Nyuzi za nyama zinaonekana, karoti ni karoti. Mzee alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akaomba cha pili, akauliza nyama hii imekaushwa na nani.

Nilimweleza ninavyojua. Mukene, yaani dagaa, na muhogo wetu tunavikausha juani, maji yanatoka polepole, chakula kinajikunja na kukaza, ndiyo maana muhogo mkavu ukiuloweka unachukua muda. Hiki kinagandishwa kwanza, kisha kinawekwa kwenye mashine isiyo na hewa, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Panapotoka barafu panabaki kitundu. Ukimwaga maji ya moto yanarudi kwenye vile vitundu upesi. Kinga yake pekee ni pakiti yenyewe iliyofungwa: unyevu na hewa vikiingia, kazi yote ya kiwandani imepotea. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo ninapokwenda.

Tuliposhuka nilipanda basi mpaka Kampala na zile pakiti tatu. Nilitegemea watasema pole, wanipe nyingine. Kijana wa kaunta alinusa moja kwa mbali, akairudisha kwa ncha za vidole. Akasema tulizikalia kwenye begi. Nikamwambia tano zilikaa begi hilohilo na ni nzima. Akasema chakula hiki ni cha Wazungu, watu wa huko kwetu hatujakizoea, pengine hiyo ndiyo harufu yake. Mwenye duka alikuwa nyuma yake na simu mkononi. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwambie angenunua mchele."

Mimi ni mfanyabiashara. Mteja akija na kitenge kilichochuja, namkaribisha kiti kwanza, ndipo tuzungumze. Nilisimama pale nikihisi masikio yanawaka moto. Na nikiwa nimesimama hivyo ndipo nikaona. Kijana alikuwa na boksi jipya la pakiti mezani na ile mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi. Anachukua pakiti, kwa! anatoboa juu, anaitundika kwenye msumari ukutani. Nyingine, kwa! Hatazami anatoboa wapi.

Nikazitazama zangu. Tundu lile nilikuwa nimeliona siku ya kwanza, nikadhani ni la kiwandani. Kwenye zile tatu tundu lilikuwa limeingia katikati ya ule mstari ulioyeyushwa kufunga mdomo wa pakiti. Ukingo umeachia, unapitisha ncha ya kalamu. Chakula kilichoandaliwa kiwandani kwa uangalifu wote ule, kikavuka bahari, kinauliwa kwa kutobolewa ili kipendeze ukutani! Nilimwonyesha. Akasema, "Hilo ni la kuning'inizia tu, ssebo." Pesa sikurudishiwa. Hata pole sikupewa.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nilikuwa nimeshaamua kuandika msinunue kabisa. Nimetulia kidogo, sisemi hivyo. Kwa mlima, nunueni, ni chepesi, na ukiwa Elena umechoka utashukuru. Ila msiamini maneno ya "watu wawili" yaliyoandikwa kwenye pakiti; shemeji alimaliza moja peke yake na akatafuta karanga. Na kabla hujalipa, ishike, ibonyeze, fuata ule mstari wa juu kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Anayekukataza kuishika, mwachie.

Kwa nyumba yangu hapa bondeni, moyo unasita, na hapo kosa si la duka peke yake. Kila pakiti inataka karibu nusu lita ya maji safi, tena ya moto. Mto ukija, kitu cha kwanza kupotea ni maji safi: bomba limekatika, yaliyopo ni tope. Mkaa umelowa. Mwaka 2020 kilichotushikilia siku mbili za mwanzo ni karanga za kukaanga kwenye kopo na muhogo uliochemshwa jana yake, vitu vya kuliwa vikiwa baridi. Kwa 660,000 ningepata magunia ya kutosha, na madumu ya kuwekea maji, na chenji. Mke wangu anasema tungefanya yote mawili, pakiti chache kwa ajili ya miaka ijayo na karanga kwa ajili ya kesho. Huenda yuko sahihi. Kwamba kinaweza kukaa zaidi ya miaka ishirini kikiwa kimefungwa vizuri, hilo silibishi.

Kikiwa kimefungwa vizuri! Zile nne tulizoziacha nyumbani niliziweka juu ya kabati. Juzi nilijaza beseni maji, nikazizamisha moja moja na kuziminya. Tatu kimya. Ya nne, ile ya maharage na nyama ambayo watoto walikuwa wameichagua wenyewe, ilitoa viputo vidogo, mfululizo, kutoka pale palipotobolewa.